Mafuta ya Taa Hayakai Katika Chupa ya Maji

 

Leo nimekuja na chupa mbili hapa studio. Nimeziweka mezani mbele yangu. Zote mbili ni za plastiki, za nusu lita, zile tunazonunua na maji ya kunywa pale kwenye steji ya matatu. Vifuniko vyote ni vya buluu. Ndani ya kila moja mna kitu kisicho na rangi. Kijana anayetuongozea mitambo nimemwuliza, "Mwanangu, ipi hapa ni maji?" Akaziangalia, akaguna, akanyoosha kidole. Amekosea. Aliyoichagua ni mafuta ya taa. Na huyu ni mtu mzima, tena amesoma. Je, mtoto wa miaka miwili mwenye kiu atafanyaje?

Mimi ni muuguzi, na makazi yangu ni huku huku Mtongwe. Nina kisa ambacho mwenyewe ameniruhusu kukisimulia, bora nisimtaje jina.

Bibi mmoja alikuwa akilea mjukuu wake wa kiume, umri wake mwaka mmoja na miezi minane. Mama wa mtoto huvuka feri alfajiri kwenda kazini kisiwani na kurudi magharibi. Siku hiyo ilikuwa ya kaskazi, joto kali, hata kuku wamejilaza kivulini. Bibi yuko uani anafua. Nyuma ya mlango wa chumba kuna chupa ya maji, na ndani yake mafuta ya taa ya kuwashia makaa. Mtoto kaingia ndani, kaiona chupa, kaifungua. Kanywa funda moja, labda mawili. Bibi akasikia kikohozi, akaja mbio, akakutana na harufu.

Sasa sikilizeni alivyofanya, maana wengi wetu tungefanya hivyo hivyo. Alimtia mtoto kidole kooni ili atapike. Akatapika. Jirani akaja na maziwa, mtoto akanyweshwa kikombe kizima. Akatapika tena. Kisha akatulia, akasinzia. Bibi akashusha pumzi, akajisemea kwamba yote yametoka. Akamwosha, akambadilisha nguo, akamlaza. Na ile chupa akaificha.

Jioni mama karudi, mtoto anachemka homa, anapumua mbio mbio, na mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. "Ana nini mwanangu?" "Ni kifua tu, kimemwanza mchana." Tuliwapokea saa tatu za usiku. Nikauliza kama tunavyouliza siku zote: mtoto amekula nini, amekunywa nini? Bibi akasema hajanywa kitu. Nikauliza tena. Hajanywa kitu. Nilipomwinamia mtoto nimsikilize kifua ndipo nikaisikia harufu katika pumzi yake, baada ya saa zote zile. Nikamwambia, "Bibi, haya si mafuta ya taa?" Hapo akakaa chini, akalia.

Mtoto huyo alikaa siku sita hospitalini, siku tatu za mwanzo akiwa kwenye oksijeni. Alipona. Leo yuko shule na mpira haumtoki mguuni. Lakini usiku ule wa kwanza mimi sikuwa na hakika.

Sasa nieleze kwa nini mafuta ya taa ni hatari, kwa sababu ukishajua sababu hutasahau la kufanya. Watu wengi hudhani sumu yake iko tumboni. Mafuta kidogo yakifika tumboni, kwa kawaida hayaleti madhara makubwa. Hatari yake ni mapafu. Mafuta haya ni mepesi na huteleza, tena husambaa upesi. Kiasi kidogo tu kikipotea njia kooni na kuingia kwenye njia ya hewa, husambaa mapafuni na kuziunguza zile nyama laini. Mapafu huvimba. Mtoto hupata nimonia ambayo haikuletwa na baridi wala na viini vya maradhi. Ndiyo maana wa kwanza kutokea ni kikohozi.

Basi fikiria: mafuta yamekwisha kushuka tumboni, yametulia. Wewe unamtia mtoto kidole. Yanapanda tena hadi kooni, huku mtoto analia na kuvuta pumzi kwa nguvu. Umeyapa nafasi ya pili ya kupotea njia. Na yale maziwa? Maziwa hujaza tumbo, na tumbo lililojaa hutapika. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, au petroli, au ile tina ya wapaka rangi, usimtapishe. Usimpe maziwa, wala mafuta ya kupikia, wala yai bichi, wala maji ya chumvi, wala dafu. Najua kila nyumba ina dawa yake iliyorithiwa kwa bibi. Hii moja tuiache.

Fanya hivi. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kwa maana mafuta hayo huunguza ngozi pia. Mbebe akiwa wima. Akiwa amelegea na ana usingizi, mlaze kwa ubavu. Chukua chupa yenyewe uende nayo. Kisha ondoka, tuktuk au bodaboda, chochote kilicho karibu. Nenda hata kama mtoto anacheka na kucheza, kwa sababu kifua huweza kuanza baadaye. Hospitalini tunapenda kumweka mtoto wa namna hii machoni petu kwa muda wa saa 6 angalau kabla ya kumruhusu kurudi nyumbani.

Sisi wa ng'ambo hii tuna shida yetu. Hospitali kubwa ya rufaa, Coast General, iko kisiwani, na katikati pana maji. Nani asiyeijua feri ya Likoni watu wanapotoka kazini? Usikimbilie kivukoni ukasimama kwenye foleni na mtoto asiyepumua vizuri. Anza na kituo cha afya kilicho upande wetu, au Hospitali ya Likoni. Huko wataangalia pumzi yake na kuanza matibabu, na ikibidi kuvuka, mtavuka mkiwa mmepewa rufaa.

Nirudi kwa yule bibi. Mimi simlaumu kwa kuficha. Alificha kwa sababu alijua swali la kwanza litakuwa lipi: "Mtoto alikuwa na nani?" Akina baba mnaonisikiliza, na nyinyi mama wakwe, swali hilo limewahi kunichelewesha mimi katika kazi yangu kuliko foleni ya feri. Mlezi anayeogopa kutukanwa, au kijakazi anayeogopa kufukuzwa, atasema ni kifua tu. Mkikuta jambo kama hili nyumbani, ulizeni kwanza mtoto amekunywa nini, kiasi gani, na saa ngapi. Mengine yatangoja. Na wewe mama ukifika hospitalini, tuambie kila kitu, hata kama umekwisha kumtapisha. Hatuandiki makosa yako, tunaandika dawa.

Mtasema mafuta ya taa siku hizi hayatumiki sana. Ni kweli yamepungua. Serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita mwaka 2018, ili watu waache kuyachanganya na dizeli, na wengi wakahamia gesi na makaa. Lakini kupanda bei kumeleta jambo jingine. Zamani mtu alikuwa na debe au mtungi wake wa mafuta, una harufu, una uchafu, hata mtoto anaujua. Leo mtu ananunua kidogo kidogo, ya kuwashia makaa tu au ya koroboi stima ikipotea, na ya kidogo huwekwa katika kichupa kilichookotwa popote. Kichupa hicho ni cha soda au cha maji.

Na watoto wetu tumewafundisha nini kuhusu chupa hizo? Fikirini. Juisi ya ukwaju inauzwa humo. Maji ya baridi yamo humo kwenye friji la jirani. Maji ya shule tunawatilia humo humo. Mtoto amejifunza tangu anyonye kwamba chupa ya namna hii hufunguliwa na kunywewa. Siku moja tunatia sumu, halafu tunamwita mtundu. Huyo si mtundu, ni mwanafunzi mzuri.

Afrika Kusini, ambako mafuta ya taa yalikuwa yakitumika sana katika vijiji na vitongoji, madaktari waliwahi kujaribu jambo. Katika eneo moja waligawa vyombo vya mafuta vyenye kifuniko ambacho mtoto mdogo hawezi kukifungua. Waliyoyaona waliyaandika mwaka 1994: watoto waliokunywa mafuta katika eneo lile walipungua kwa karibu nusu. Hawakubadilisha watoto wala akina mama. Walibadilisha chombo.

Sisi hatugawiwi vyombo hivyo, basi tutumie tulivyo navyo. Chombo cha mafuta ya taa kisiwe kimewahi kutiwa kitu cha kunywa au kuliwa, na hapo naondoa hata ule mtungi wa lita tano wa mafuta ya kupikia, kwa sababu siku moja dada wa kazi atamimina kwenye sufuria. Chombo kiwe cha rangi nzito, kifuniko kikaze, na kikae juu. Wapi juu? Nitafika hapo.

Kwanza nizungumze na akina mama wenzangu wa vyama, mnaotengeneza sabuni ya maji na dawa za kusafishia choo. Msinizimie redio. Mimi ni mteja wenu, na ninajua biashara hiyo imelipa karo nyingi huku kwetu. Lakini tuzungumze kama watu wa nyumba moja. Sabuni inatiwa rangi ya kijani, ya waridi, ya zambarau. Inatiwa harufu ya limau na ya stroberi. Kisha inatiwa katika chupa ya soda na kubandikwa bei tu. Kuna mtu mzima mmoja, baba wa watu, alirudi nyumbani usiku stima imepotea, akapapasa mezani, akanywa funda la sabuni ya rangi ya machungwa. Alitapika povu, akacheka mwenyewe kesho yake. Sabuni ya vyombo mara nyingi huishia hapo. Je, angepapasa ile chupa ya pili, yenye Jik ya kupima?

Na kuna kubwa kuliko Jik. Kostiki soda, ile nyeupe kama chumvi ya mawe ambayo mafundi wa sabuni huinunua kwa kilo. Ikilowa maji huchemka yenyewe, na huunguza nyama. Mtoto akiiramba au akinywa maji yake, huunguza mdomo na koo mpaka chini kwenye njia ya chakula. Akipona, kovu huibana ile njia. Nimemwona mtoto wa miaka minne asiyeweza kumeza ugali, anaishi kwa uji na maziwa, na kila baada ya muda apelekwe hospitali kupanuliwa koo. Kosa lilikuwa kikombe kilichoachwa sakafuni dakika tano, mama anakwenda kuitikia hodi.

Kwa hiyo naomba: kostiki soda isiingie chumba wanacholala watoto, wala isipimwe kwa kikombe cha chai au kijiko cha jikoni. Unapochanganya, mwaga soda kwenye maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya soda, itaruka usoni. Watoto wawe kwa jirani. Na sabuni zenu, bandikeni karatasi yenye jina la kilichomo. Mteja mwenye chupa tupu ya Jik airudishe ijazwe Jik, na mwenye chupa ya soda mkatalieni. Mtapoteza mauzo siku mbili tatu, kisha watazoea, kama walivyozoea kuja na mfuko wao dukani baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku mwaka 2017.

Kama mtoto amekunywa Jik au kitu cha kuunguza, pia usimtapishe, maana kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Msuuze kinywa, ateme. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe maji kidogo kidogo, usimlazimishe. Nenda hospitali na chupa. Ikiwa imemrukia jichoni, hapo usikimbilie tuktuk kwanza. Lifungue jicho kwa vidole na umimine maji safi taratibu kwa dakika 15 au zaidi, yakitiririka kutoka upande wa pua kwenda nje, kisha ndipo uondoke. Atalia sana. Vumilia, mimina.

Sasa lile la mahali pa kuweka. Vitabu vya mambo haya huandikwa na watu wenye nyumba kubwa, wanatuambia tuweke kila kitu katika kabati la stoo lenye kufuli. Sisi wengi tunakaa chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi mmoja, ua mmoja, choo kimoja. Mvunguni mwa kitanda ndiko stoo. Na mvunguni ndiko mtoto anakotambaa.

Nilichofanya mimi nilipokuwa na watoto wadogo ni hiki. Niligongomea msumari mkubwa ukutani, juu kuliko kichwa changu, nikatundika ndoo yenye kifuniko. Humo ndimo vilimokaa Jik, sumu ya panya, spiriti, mafuta ya taa na kiberiti chake mbali. Sikuutundika juu ya kiti wala juu ya kitanda, kwa sababu mtoto hupanda. Mwenye sanduku la bati la shule lenye kufuli anaweza kulitumia vile vile. Na mtungi wa maji ya kunywa ukae upande mwingine wa chumba kabisa. Vitu hivi viwili visizoeane.

Lakini ukishafanya hayo yote chumbani mwako, chupa ya mpangaji wa tatu bado iko ukumbini. Mtoto hajui mpaka wa kodi. Hili linataka maneno, na maneno baina ya wapangaji yana adabu yake. Ukianza na "Nyinyi hamna akili," kesho maji yako yatamwagwa uani. Mwende wawili watatu, mmweleze aliye mkubwa katika nyumba, naye aseme na wengine. Choo cha pamoja nacho kitundikwe kikapu cha juu kwa dawa zake. Mkishindwana, mwiteni mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaani kwenu, akija yeye haitaonekana kama ugomvi.

Nikitaja choo nimekumbuka jambo. Mkesha wa Idi na siku za harusi tunasafisha kwa nguvu zote, na kuna imani kwamba dawa mbili ni bora kuliko moja. Mtu anamwaga dawa ya choo, ile ya asidi, kisha juu yake Jik. Mara koo linawasha, macho yanamwagika, kifua kinabana. Hiyo ni gesi ya klorini. Mwaka 1915 wanajeshi waliitumia kama silaha huko Ubelgiji, katika vita vya kwanza vya dunia, na wewe unaitengeneza chooni umefunga mlango. Jik haichanganywi na kitu isipokuwa maji, yawe ya baridi. Ikikutokea, toka nje upate hewa, acha mlango wazi, usirudi kumalizia. Mwenye pumu asibembelezwe nyumbani, apelekwe hospitali.

Dawa za kunguni na za panya nitazipitia upesi. Zile zinazouzwa kwa kutembezwa, katika vichupa visivyo na jina, usinunue. Hujui ni nini, na sisi tukiletewa mgonjwa hatujui pia. Mara nyingi ni dawa kali ya shambani iliyopimwa upya. Mtoto hahitaji hata kuinywa, hupita kwenye ngozi akilalia godoro lililonyunyiziwa. Ukimwona anatoa mate na machozi mengi, anatoka jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta, na amelegea, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, na umpeleke mbio. Dawa yake ipo, ila inataka wakati. Na wewe unayemwosha, vaa hata mifuko ya plastiki mikononi.

Kuna kingine ambacho hakionekani kama sumu, tena kinanukia usafi. Ni nafthalini, vile vidonge vyeupe vya mviringo tunavyotia katika nguo ili nondo na mende wasiziguse. Mtoto huviona peremende. Lakini hata asipokula, kuna watoto ambao huwadhuru kwa harufu na kwa kugusa ngozi tu. Ni wale waliozaliwa na hitilafu ya damu inayoitwa G6PD. Hitilafu hii si ugeni katika pwani yetu. Wataalamu wanaihusisha na malaria, kwani imeenea sehemu ambazo malaria imekaa miaka mingi. Mtoto mwenye hali hiyo anaonekana mzima kabisa. Akifunikwa shuka au akavalishwa nguo zilizokaa na nafthalini, chembe zake nyekundu za damu hupasuka. Macho hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, midomo hupauka. Kwa mtoto mchanga manjano ikizidi inaweza kudhuru ubongo.

Sasa, kina mama, nguo za mtoto mchanga huwa zimetoka wapi? Ni za kaka yake, zimehifadhiwa kabatini miaka miwili, na khanga nzuri alizotunziwa mama kwenye harusi. Zote zimekaa na vidonge. Usitie nafthalini katika nguo za mtoto. Zilizokwisha kutiwa, zifue, zianike juani mpaka harufu iishe kabisa ndipo azivae. Viungo vyetu vya karafuu vinatosha kunukiza kabati.

La mwisho linaingia nyumbani kwa mlango wa mbele, likiwa limevaliwa. Mnakumbuka mambo ya Owino Uhuru, kule Mikindani. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda karibu na mtaa huo cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, yaani ile madini nzito. Moshi na maji yake yaliingia mtaani, na watu wakaugua. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi katika kiwanda hicho. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi mwilini. Alipigana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mahakama hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sisi hatuna kiwanda kile hapa Mtongwe. Lakini tunao waume na wana wetu wanaofanya kazi bandarini, gereji, na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wapo wanaovunja betri uani ili wauze risasi. Risasi haina harufu. Vumbi lake hukaa katika nguo, katika nywele, chini ya kucha. Baba anarudi, mtoto anamrukia, anabebwa. Mtoto huyo anaweza kupungukiwa damu, akawa mzito wa kujifunza, na hakuna atakayejua sababu. Kwa hiyo betri isivunjwe nyumbani, hilo halina mjadala. Nguo za kazi zivuliwe nje, zifuliwe peke yake katika karai lake, na baba aoge kabla ya kumbeba mtoto. Mwambieni kwa upole. Mwekeeni maji tayari bafuni, ataelewa.

Muda wangu umekwisha, kijana wa mitambo ananionyesha saa. Zile chupa mbili nazirudisha nyumbani. Ya mafuta nitaimimina katika chombo chake na kuipasua kabisa. Wakati muziki unapigwa, wewe nyanyuka, angalia nyuma ya mlango wako, kisha piga hodi kwa jirani uangalie naye. Wiki ijayo tutazungumza juu ya mtoto anayeharisha na namna ya kumpa maji ya chumvi na sukari. Kwaherini.